Barua ya Mwanafunzi wa Fisk: Maisha ya W. E. B. Du Bois

Kamati ya jarida letu imenitaka niandike, katika toleo hili la mkutano wa wahitimu, maisha ya mtu mmoja mashuhuri ambaye vijana walioko shuleni hivi sasa wanaweza kunufaika naye. Nimemchagua W. E. B. Du Bois. Sisi tuliochukua Historia katika kidato cha tano na cha sita tulilikariri jina lake pamoja na ya akina Garvey, Padmore na Nkrumah. Tuliandika katika mtihani kwamba alikuwa baba wa Umajumui wa Afrika, tukapata alama zetu, tukamwacha hapo. Lakini iko sehemu ya maisha yake ambayo haikuwamo katika madaftari yetu, nayo ndiyo nitakayoieleza zaidi: jinsi alivyojitayarisha, akiwa bado mwanafunzi wa shahada ya kwanza, hana baba, hana mama wala akiba, kuomba nafasi ya kusoma hadi shahada ya udaktari.

Nina sababu ya kuichagua sehemu hiyo. Mimi ni mtumishi wa Serikali, na kazi yangu hunikutanisha mara kwa mara na vijana waliomo vyuoni. Kila mwaka hawakosi wawili watatu waliopitia shule yetu wanaokuja kuniomba barua ya mapendekezo ili waombe nafasi ya shahada ya pili, hapa nchini au ng'ambo. Aghalabu huja zikiwa zimebaki siku tatu kabla ya tarehe ya mwisho. Ukimwuliza kijana ni mwalimu gani chuoni anayeijua kazi yake, humtaja mhadhiri aliyemfundisha katika ukumbi wa watu mia tatu. Ukimwuliza anataka kusoma nini, hujibu kwamba chochote kitakachopatikana. Ni vijana wenye akili, na alama zao ni nzuri. Walichokosa ni mtu wa kuwaambia kwamba ombi la namna hiyo huanza kutayarishwa miaka mingi kabla ya fomu kujazwa.

Kuzaliwa na Kulelewa

William Edward Burghardt Du Bois alizaliwa tarehe 23 Februari 1868 katika mji mdogo wa Great Barrington, jimbo la Massachusetts, kaskazini-mashariki mwa Marekani. Ilikuwa miaka mitatu tu tangu utumwa ukomeshwe katika nchi ile. Baba yake aliondoka nyumbani mtoto akiwa mdogo, asirudi. Mama yake, Mary, alimlea kwa kazi za nyumbani kwa watu, na baadaye alipatwa na kiharusi kilichomlemaza. Weusi katika mji ule walikuwa wachache, na kijana huyu alisoma pamoja na watoto wa kizungu.

Mkuu wa shule ya sekondari, Frank Hosmer, aliona kipaji chake. Alimshauri achukue masomo yaliyotakiwa na vyuo vikuu, yaani aljebra, jiometria, Kilatini na Kigiriki. Vitabu vya Kigiriki vilikuwa ghali kwa mtoto wa mjane wa hali ile, basi mama mmoja tajiri, mke wa mwenye kiwanda, akamnunulia. Ndugu msomaji, tulitazame jambo hili vizuri. Laiti mwalimu yule asingetamka neno lile, kijana angemaliza shule na masomo yasiyofungua mlango wowote wa chuo, na hakuna mtu ambaye angeona kwamba kuna kitu kimepotea.

Alimaliza shule mwaka 1884, Mweusi pekee katika darasa lake. Hamu yake ilikuwa kwenda Harvard, chuo kikuu kikongwe kuliko vyote vya Marekani. Lakini alikuwa na umri mdogo, fedha hakuwa nazo, na mama yake alifariki dunia si muda mrefu baadaye. Alifanya kazi ya kutunza saa za vibarua katika ujenzi wa jumba la tajiri mmoja. Kisha makanisa manne yalijitolea kumchangia dola 25 kila moja kwa mwaka, naye mwaka 1885 akapelekwa Chuo Kikuu cha Fisk, mjini Nashville, jimbo la Tennessee. Fisk ilianzishwa mwaka 1866 kwa ajili ya watu waliotoka utumwani. Wako waliomhurumia kwa kukosa Harvard. Yeye alikwenda, wala hakuiacha nia yake ya kwanza.

Kazi Yake Fisk

Kwa kuwa alikuwa ametayarishwa vizuri, aliingizwa moja kwa moja katika mwaka wa pili. Alisoma lugha, sayansi na falsafa. Akawa mhariri wa gazeti la wanafunzi lililoitwa Fisk Herald. Uandishi hakuuanzia hapo: alipokuwa bado kijana wa sekondari alikuwa akipeleka habari za mji wake katika gazeti la Weusi la New York.

Wakati wa likizo ndefu, kwa miaka miwili, alitoka kwenda kufundisha watoto wa Weusi katika vijiji vya Tennessee. Alitembea kwa miguu kutoka kijiji hadi kijiji akiulizia shule iliyokosa mwalimu. Aliyoipata ilikuwa kibanda cha magogo. Ubao wake ulikuwa vipande vitatu vya mbao vilivyopakwa rangi nyeusi, na kiti cha mwalimu alikiazima kwa mama mwenye nyumba alimopanga, akawa akikirudisha kila jioni. Sisi tuliosoma shule za msingi za vijijini hatuhitaji kuchorewa picha hiyo.

Kazi ile ilimpa zaidi ya fedha za karo. Aliwaona watu wake waliokuwa huru kwa sheria lakini wamefungwa na madeni na umaskini wa mashambani. Akawa na swali. Tangu hapo alipotaka kuendelea na masomo alijua anataka kujifunza nini na kwa faida ya nani.

Barua ya Oktoba 1887

Mwezi Oktoba 1887, akiwa na umri wa miaka 19, na ikiwa imebaki takriban miezi minane amalize shahada yake ya kwanza, Du Bois alimwandikia barua Katibu wa Chuo cha Harvard. Barua hiyo imehifadhiwa. Ni fupi, na kwa maoni yangu kila kijana anayetaka kuendelea na masomo angefaa kujua mpangilio wake.

Kwanza alijieleza yeye ni nani: Mweusi, mwanafunzi wa Fisk, atakayepata shahada yake mwezi Juni unaokuja. Pili alisema anachotaka: kusoma Harvard hadi shahada ya udaktari katika sayansi ya siasa, akielekea zaidi kwenye uchumi. Tatu, aliutaja umaskini wake bila kuuficha wala kuulilia. Alitaja kiasi anachoweza kukipata, kama dola 100 hadi 150, na alieleza kwamba akifundisha kwanza kwa mwaka mmoja angeweza kujilipia gharama za karibu mwaka mzima. Nne, alipeleka kitabu cha masomo ya Fisk ili Harvard wajionee wenyewe kinachofundishwa pale, akaeleza kwamba anaweza kuleta vyeti vya tabia na vya masomo kutoka kwa walimu wake. Mwisho aliomba ushauri: aanze mara moja, au afanye kazi kwanza?

Ukiisoma barua hiyo kwa haraka unaweza kudhani ni rahisi. Lakini kila sentensi yake ilitegemea kazi iliyokwisha kufanywa. Aliweza kuahidi vyeti vya walimu kwa sababu walimu walimjua. Alitaja uhariri wa gazeti kwa sababu alikuwa akiufanya kweli. Aliweza kutaja fani yake kwa sababu alikuwa ameketi katika kibanda cha magogo akiwafikiria watu wake. Tena aliandika mapema, akabakiza muda wa kujibiwa na muda wa kubadili mpango.

Namkumbuka mwenzetu mmoja, ambaye sitamtaja jina. Shuleni alituongoza katika Hisabati, na chuo kikuu aliendelea kuongoza. Tulipofika mwaka wa mwisho nilimwuliza kama ataomba kuendelea na masomo. Alinijibu kwamba mambo yale ni ya watoto wa wakubwa, na mtu asiye na ndugu mahali hapati kitu. Hakuandika hata barua moja. Pengine angepata, pengine angekataliwa, lakini hakuuliza. Leo anaishi vizuri, namshukuru Mungu, ila kila nikisoma habari za Du Bois humfikiria yeye, kwa kuwa Du Bois naye hakuwa na ndugu mahali.

Harvard

Jibu la Harvard halikuwa kamili. Walimpokea na kumpa msaada wa fedha, lakini hawakukubali kwamba shahada ya Fisk ni sawa na yao. Walimtaka aanze katika mwaka wa tatu wa shahada ya kwanza, arudie miaka miwili. Alikubali. Majira ya joto ya mwaka 1888 alifanya kazi katika hoteli moja kando ya ziwa Minnetonka, jimbo la Minnesota, akiwa pamoja na kikundi cha waimbaji wa Fisk, kisha akaenda kuripoti Harvard.

Huko alipanga chumba kwa familia ya Weusi na hakujipendekeza kwa wanafunzi wa kizungu waliomwepuka. Aliwatafuta walimu. Alisoma falsafa kwa William James, ambaye alimkaribisha hata nyumbani kwake, na historia kwa Albert Bushnell Hart. Insha yake ya kwanza ya Kiingereza ilirudishwa na alama ya kushindwa, yeye aliyekuwa mhariri wa gazeti! Hakuikimbia lugha. Alijiandikisha katika darasa la insha la Barrett Wendell, lililojulikana kwa ugumu wake, akajirekebisha hata siku moja mwalimu yule akasoma maneno yake mbele ya darasa.

James alimpa ushauri mwingine wenye manufaa, kwamba ni vigumu mtu kupata riziki kwa falsafa. Kijana alisikiliza akaielekeza akili yake kwenye historia na mambo ya jamii, ambako ndiko swali lake la vijijini lilikokuwa likimwita tangu mwanzo.

Mwezi Juni 1890 alitunukiwa shahada ya kwanza kwa heshima, akawa mmoja wa wanafunzi sita walioteuliwa kuhutubia siku ya mahafali. Alichagua kumzungumzia Jefferson Davis, aliyekuwa rais wa majimbo ya kusini yaliyopigania utumwa, na magazeti yaliisifu hotuba hiyo. Kabla ya siku hiyo alikuwa amekwisha kuandika ombi la kusoma shahada za juu palepale, akieleza kwamba anataka kuitumia elimu ya jamii katika suala la maendeleo ya Weusi. Safari hii waliompendekeza walikuwa walimu wa Harvard wenyewe. Alipata ufadhili, na mwaka 1891 akapata shahada ya pili.

Kukataliwa na Kuomba Tena

Siku zile, msomi wa Marekani aliyetaka kuhesabiwa kuwa amekamilika alikwenda Ujerumani. Mwezi Novemba 1890 Du Bois alisoma gazetini kwamba Rutherford Hayes, aliyepata kuwa Rais wa Marekani na ambaye wakati ule aliongoza Mfuko wa Slater wa elimu ya Weusi, alisema Mfuko uko tayari kumpeleka Ulaya kijana Mweusi mwenye uwezo, ila hajapatikana anayefaa. Siku chache baadaye ombi la Du Bois lilikuwa njiani, likifuatiwa na barua za walimu wake.

Alijibiwa kwamba mpango huo haupo tena. Mwezi Mei 1891 alimwandikia Hayes barua ndefu na kali. Hakulalamikia nafasi yake mwenyewe. Alilalamikia kwamba umma uliambiwa hakuna Mweusi anayefaa, na alipojitokeza mmoja ukweli haukutangazwa, hata kabila zima likabaki limechafuliwa jina. Ilikuwa barua ya ukali, lakini ilikuwa na hoja na heshima. Hayes alimjibu kwa upole na kumtaka aombe tena mwaka unaofuata. Akaomba tena. Wakati akingoja hakukaa bure: mwezi Desemba 1891 alisoma makala ya utafiti wake juu ya sheria za biashara ya watumwa mbele ya chama cha wanahistoria wa Marekani, mjini Washington.

Mwaka 1892 alikubaliwa. Alipewa dola 750, nusu zawadi na nusu mkopo wenye riba. Alifurahi mno, hata alipokuwa New York aliingia dukani akanunua shati la dola tatu, bei iliyozidi kama mara nne ile aliyowahi kulipa kwa shati maishani mwake. Mwanafunzi yeyote aliyewahi kupokea fedha za mkopo wa kwanza atamsamehe!

Alisoma Berlin kuanzia mwaka 1892 hadi 1894 chini ya maprofesa wakubwa kama Gustav Schmoller na Adolph Wagner. Aliandika tasnifu yake juu ya kilimo cha Marekani ya kusini. Lakini kanuni za chuo kikuu kile zilitaka mihula mingi kuliko aliyokuwa nayo, na Mfuko wa Slater ulikataa kumwongezea muda. Alirudi nyumbani katika daraja la chini kabisa la meli, bila shahada ya Berlin na karibu bila senti.

Hapa ndipo matayarisho yake yalipoonyesha thamani. Utafiti aliouanza Harvard juu ya biashara ya watumwa ulikuwepo, umekwisha kusomwa mbele ya wanahistoria, na kilichobaki kilikuwa kuukamilisha. Alipata kazi ya kufundisha Wilberforce, jimbo la Ohio, kwa dola 800 kwa mwaka, na mwaka 1895 Harvard ikamtunuku shahada ya udaktari. Alikuwa Mweusi wa kwanza kuipata hapo. Tasnifu yake ilichapishwa mwaka 1896 ikiwa kitabu cha kwanza katika mfululizo wa vitabu vya historia vya Harvard. Tangu barua ile ya Oktoba 1887 ilikuwa imepita karibu miaka minane.

Alichokifanya kwa Elimu Yake

Yaliyofuata tunayajua zaidi. Alipita nyumba hadi nyumba katika mtaa wa Weusi mjini Philadelphia akikusanya habari za maisha yao, na kitabu chake cha mwaka 1899 juu ya utafiti huo bado husomwa na wanaosomea elimu ya jamii. Alifundisha Atlanta kwa miaka mingi. Alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa chama cha NAACP cha kutetea haki za Weusi, akahariri jarida lake, The Crisis, tangu mwaka 1910 hadi 1934.

Alihudhuria mkutano wa kwanza wa Umajumui wa Afrika mjini London mwaka 1900, akaitisha kongamano la Paris mwaka 1919, na mwaka 1945 mjini Manchester, akiwa na umri wa miaka 77, aliongoza kongamano walilohudhuria Kwame Nkrumah na Jomo Kenyatta. Kongamano la sita katika mfululizo huo lilifanyika Dar es Salaam mwezi Juni 1974. Kwa njia hiyo kazi ya mwanafunzi yule wa Fisk ilifika hadi kwetu.

Uzeeni Serikali ya nchi yake ilimnyima pasi ya kusafiria kwa miaka kadhaa. Aliporudishiwa mwaka 1958 alikwenda Ulaya, na Chuo Kikuu cha Humboldt, ndicho kilekile cha Berlin alichosoma ujanani, kikamtunuku shahada ya heshima ya udaktari. Ilikuwa imepita miaka 64 tangu alipoondoka pale mikono mitupu. Mwaka 1961 alihamia Ghana kwa mwaliko wa Nkrumah ili atayarishe ensaiklopidia ya Afrika. Alifariki dunia mjini Accra tarehe 27 Agosti 1963, akiwa na umri wa miaka 95 na raia wa Ghana.

Neno kwa Wahitimu Wenzangu

Vijana wetu wa leo wana njia ambazo Du Bois hakuziota. Ombi huvuka bahari kwa dakika moja. Lakini wanaosoma maombi hayo bado wanauliza yaleyale yaliyojibiwa katika barua ya mwaka 1887: wewe ni nani, unataka kujifunza nini, ni nani anayeijua kazi yako, na una uwezo gani. Majibu ya maswali hayo hayapatikani katika siku tatu za mwisho. Huanza kupatikana mwaka wa kwanza chuoni, na mengine huanzia hapa shuleni, pale mwalimu anapomwambia mtoto achukue somo fulani.

Kwa hiyo natoa pendekezo kwa mkutano wetu. Humu miongoni mwetu wamo waliosoma shahada za juu, wa sayansi, sheria, kilimo na elimu. Kila mmoja wao amwachie Mkuu wa Shule jina lake na fani yake, akubali kusoma barua ya kijana mmoja tu kwa mwaka, na kumjibu mapema. Haitagharimu chama chetu hata shilingi. Du Bois alimwandikia mtu asiyemjua kuomba ushauri, akajibiwa. Vijana wa shule yetu nao wawe na mahali pa kuandika.